Usimnyweshe maziwa: sumu za nyumbani na shambani, dalili zake na cha kufanya

Maziwa hayakati sumu. Imani hii imeota mizizi kiasi kwamba mtu akinywa dawa ya shambani, au mtoto akibugia mafuta ya taa, kikombe cha maziwa hutafutwa kabla ya bodaboda. Wengine huongeza mafuta ya kula, mayai mabichi, maji ya majivu au kidole kooni. Hakuna kati ya hivyo kinachoifuata sumu ilipo na kuitoa. Tumbo linajaa, mgonjwa anatapika huku fahamu zikimtoka, na matapishi yanaingia mapafuni. Wengine hufia njiani kwa pumzi iliyoziba, sumu yenyewe ikiwa bado haijamaliza kazi.

Maziwa yana nafasi moja ndogo tu. Mtu aliyemeza magadi ya kutengenezea sabuni, au kitu kingine kinachounguza, akiwa macho kabisa na anameza bila shida, anaweza kupewa mafunda machache ya maji au maziwa ili kuipunguzia makali. Maji yanatosha. Zaidi ya hapo, asinyweshwe kitu.

Dakika kumi za kwanza

Jilinde wewe kwanza. Chumba chenye jiko la mkaa au mahindi yaliyofukizwa kinahitaji mlango na madirisha wazi kabla hujaingia kumvuta mtu, na shimo la choo au kisima ambacho mtu ameanguka kwa hewa mbaya usikiingie kabisa bila kamba na watu wa juu. Kwa dawa ya shambani, vaa glavu au funga mikono kwa mifuko ya nailoni, kwa sababu matapishi na nguo za mgonjwa nazo zina sumu.

Kisha angalia pumzi. Anayepumua lakini haitiki alazwe kwa ubavu wa kushoto, goti la juu limekunjwa, mdomo ukielekea chini ili mate na matapishi yatoke yenyewe. Kumlaza chali kwenye kiti cha nyuma cha gari ni kosa. Kama hapumui, msukume kifua na mpulizie hewa, ila kama amekunywa kiuatilifu futa mdomo kwanza na usigusanishe mdomo wako na wake moja kwa moja.

Sumu iliyo juu ya mwili iondolewe mapema. Vua nguo zote, osha kwa sabuni na maji mengi, usisahau nywele, nyuma ya masikio, makwapa, kitovu na chini ya kucha. Jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha, kope zikiwa zimefunuliwa; kwa magadi au tindikali ya betri endelea mpaka dakika 30. Mdomo usukutuliwe na maji yatemwe.

Halafu ondokeni, na mbebe kopo. Chupa, pakiti ya vidonge, mabaki ya mmea au hata kibandiko kilichochanika vinaweza kubadilisha tiba nzima. Mhudumu atataka kujua ni kitu gani, kiasi gani, saa ngapi, kimeingia kwa njia ipi, mgonjwa ana kilo ngapi na mmempa nini nyumbani. Hilo la mwisho watu hulificha kwa aibu. Semeni. Kama kuna habari ya PF3, ile fomu ya polisi, ndugu mmoja aifuatilie polisi huku mgonjwa akiendelea kutibiwa.

Mkaa wa jikoni uliosagwa hauwezi kuchukua nafasi ya mkaa amilifu wa hospitali, ambao umetengenezwa uwe na vinyweleo vingi sana vya kunasa sumu. Hata huo wa hospitali hutolewa kwa masharti: gramu 1 kwa kila kilo ya mtoto, au gramu 50 kwa mtu mzima, hasa ndani ya saa ya kwanza, kwa mgonjwa mwenye fahamu au aliyewekewa mpira wa kulinda njia ya hewa. Haunasi madini ya chuma wala pombe, na haupewi aliyekunywa mafuta ya taa, tindikali au magadi.

Mafuta ya taa

Tumboni mafuta ya taa hayana ubaya mkubwa. Hatari yake iko kifuani. Ni mepesi na yanatambaa, hivyo tone dogo linaloteleza kwenye njia ya hewa husambaa mapafuni na kuyaunguza. Ndiyo maana kumtapisha mtoto aliyeyanywa ni kuyapitisha kooni mara ya pili. Kumwosha tumbo kwa mpira kuna hatari hiyohiyo.

Mtoto aliyepaliwa na kukohoa papo hapo, hata kama sasa anacheza, mhesabu amevuta. Tazama kifua chake akiwa ametulia: pumzi 40 au zaidi kwa dakika kwa mwenye umri wa mwaka 1 hadi 5, au 50 na zaidi kwa aliye chini ya mwaka, ni za haraka mno. Mbavu zinazoingia ndani, pua zinazotanuka na mguno kila anapotoa pumzi ni dalili za kutosubiri. Homa inaweza kuja ndani ya saa chache bila kijidudu chochote, kwa kuungua tu kwa mapafu, kwa hiyo antibiotiki si lazima tangu mwanzo. Tiba ni oksijeni na kuangaliwa. Picha ya kifua iliyopigwa mapema mno inaweza kuonekana safi. Anayebaki bila dalili yoyote kwa saa 6 ndiye anayeweza kurudi nyumbani, na mzazi aambiwe arudi naye kikohozi kikianza.

Kisa chenyewe huanzia dukani. Mafuta ya taa hupimwa na kumiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji, na mtoto wa miaka miwili anaijua chupa hiyo ni ya nini. Tenga kidumu kimoja chenye kifuniko cha kubana, kisichofanana na kitu chochote cha kunywea, kikae juu ya kimo cha mtu mzima. Kibatari nacho kisiachwe sakafuni mchana.

Dawa za shambani

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu kuna sumu yenye dawa yake na watu bado wanapotea. Kundi kubwa ni oganofosifeti, kama klorpirifosi, profenofosi, dimethoeti na diazinoni, pamoja na ndugu zao kabameti. Kwa kawaida neva ikitaka msuli ukaze au tezi itoe maji, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na kimeng'enya fulani huifagia mara moja ili amri ikome. Sumu hizi hukifunga kimeng'enya hicho, na amri haikomi tena. Tezi zinamwaga bila kipimo na misuli inatetemeka mpaka inachoka.

Ukishaelewa hilo, dalili zinajipanga zenyewe. Mate, machozi, jasho jingi, kutapika, kuharisha na mkojo usiozuilika. Mboni za macho zimesinyaa kama kichwa cha pini. Kifua kinakoroma kwa maji, mapigo ya moyo yanashuka, na misuli inacheza chini ya ngozi, hasa ya mapaja na kifua. Wengine hupata degedege. Harufu inayofanana na kitunguu saumu au petroli husaidia kutambua. Lakini mgonjwa anaweza kuja na moyo unaokimbia au mboni za kawaida, kwa hiyo dalili moja ikikosekana usimwondoe kwenye orodha. Mpulizaji dawa aliyeingiwa kupitia ngozi huanza polepole, kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu jioni ile, naye huishia kupewa dawa ya malaria kwa sababu hakuna aliyemuuliza leo alikuwa wapi.

Hospitalini njia ya hewa hufyonzwa na oksijeni hutolewa, lakini atropini, dawa kuu ya sumu hizi, haingoji oksijeni ipatikane. Mtu mzima huanza na miligramu 1.8 hadi 3 kwenye mshipa, yaani ampuli 3 hadi 5 za miligramu 0.6, palipo na ampuli za miligramu 1, ni 2 au 3. Mtoto hupewa miligramu 0.02 hadi 0.05 kwa kilo. Baada ya dakika 5 mgonjwa huangaliwa upya, na kama hajabadilika dozi huzidishwa mara mbili, kisha mara mbili tena. Shabaha ni kifua kisichokoroma, mapigo zaidi ya 80 kwa dakika, presha ya juu zaidi ya 80, makwapa makavu na mboni zilizoacha kusinyaa. Zikifikiwa, dripu huendelea kwa asilimia 10 hadi 20 ya jumla iliyotumika, kila saa.

Pana makosa mawili hapa, na yanakwenda kinyume. La kwanza ni kuogopa: mhudumu anatoa ampuli mbili, mboni zinafunguka kidogo, anasimama wakati kifua bado kinachemka. Kipimo cha kuaminika ni kifua. Mgonjwa mmoja mzito anaweza kumaliza makumi ya ampuli, ndiyo maana zahanati yenye ampuli tano inapaswa kuzitoa na kupiga simu ya rufaa wakati huohuo. La pili ni kupitiliza. Mgonjwa aliyezidishiwa anapata homa, anaweweseka na kushikashika hewani, tumbo linanyamaza na mkojo unagoma. Dripu husimamishwa, mgonjwa hutazamwa kila nusu saa, kisha huanzishwa tena kwa kasi ndogo.

Pralidoksimu ikiwepo, hutolewa miligramu 30 kwa kilo polepole, halafu miligramu 8 kwa kilo kila saa. Ni nyongeza kwa atropini, si mbadala wake. Degedege hutulizwa kwa diazepamu. Kuosha tumbo kwa nguvu, mgonjwa akiwa amefungwa na anapigana, kumeua watu ambao sumu isingewaua.

Siku ya pili huwa na mtego wake. Mgonjwa amepata nafuu, anaongea, ndugu wanauliza ruhusa. Kati ya saa 24 na 96 misuli ya shingo na ya kupumulia inaweza kulegea ghafla. Mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto na akishikilie. Akishindwa, huyo anaelekea kuhitaji mashine ya kupumulia, hata kama mboni na mate vimetulia.

Si kila kinachouzwa duka la pembejeo ni cha kundi hili. Amitrazi, dawa ya kuogeshea ng'ombe, nayo husinyaza mboni na kushusha mapigo, lakini mgonjwa huwa amelala fofofo, hatoi mate wala jasho jingi, na sukari yake imepanda; atropini hapo ni ya mapigo yaliyoshuka tu. Parakwati, ya kuulia magugu, huchubua mdomo na koo, kisha siku zinazofuata huharibu figo na kuyakausha mapafu. Oksijeni nyingi huizidishia makali, kwa hiyo hubanwa mpaka pale mgonjwa anapoihitaji kweli. Hivi vyote vinatofautishwa na kibandiko ulichokibeba.

Vidonge vya kufukizia mahindi vina hesabu nyingine kabisa. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, nayo haina dawa ya kuikata. Familia hulala chumba kimoja na magunia yaliyowekewa vidonge, au chumba cha pili ambacho dari yake haijafungwa. Mahindi ya kufukizwa yakae ghala lisilolaliwa na mtu, basi.

Kwa anayepulizia, mstari wa rangi chini ya kibandiko ndio wa kusoma kwanza: nyekundu ni kali kuliko zote, kisha njano, bluu na kijani. Changanya nje kwa kijiti. Puliza upepo ukiwa mgongoni, asubuhi au jioni. Nozeli ikiziba isafishwe kwa maji na unyasi. Kuipuliza kwa mdomo ni kujinywesha. Viatu vya ngozi hunyonya dawa na havitakati, vaa vya mpira, na suruali ikae nje ya buti ili dawa isitiririkie ndani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kopo likiisha, lijaze maji robo, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba la kupulizia, rudia mara tatu, kisha litoboe. Lisilotobolewa litachotewa maji ya kunywa.

Wapo wanaoinywa kwa makusudi. Kwa wengi wao uamuzi huo huja katika saa moja ya hasira au kukata tamaa, na kilichokuwa uvunguni mwa kitanda ndicho kinachoamua mwisho wake. Dawa ikikaa kwenye kasha la kufuli nje ya nyumba, au ikinunuliwa kiasi cha kupuliza siku hiyo tu, saa ile inaweza kupita. Aliyefikishwa hospitali asitukanwe wala kuhojiwa na ukoo. Akae na mtu, na kabla ya kuruhusiwa aonane na mhudumu wa afya ya akili.

Jiko la mkaa ndani ya chumba

Njombe, Mbeya au Nyeri usiku wa baridi, watu husubiri mkaa ushike wekundu na moshi uishe, kisha wanaingiza jiko ndani. Moshi umeisha, kaboni monoksidi haijaisha. Haina rangi wala harufu, na hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Beseni la maji kando ya jiko haliinyonyi.

Kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu haina nguvu. Utaitambua kwa kuwa nyumba nzima imeugua pamoja, paka naye yumo, na waliotoka nje wanapata nafuu. Kile kifaa cha kubana kidoleni kitasoma 98 au 99 na kumdanganya mhudumu, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hii. Apewe oksijeni ya kasi kwa barakoa yenye mfuko, bila kujali kilichosomwa. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi hutoka damuni kwa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni safi ni saa 1 hadi 1 na nusu. Mjamzito hukaa kwenye oksijeni muda mrefu zaidi, kwa ajili ya mtoto tumboni. Usahaulifu au mabadiliko ya tabia yakijitokeza wiki kadhaa baadaye, arudishwe. Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha.

Vidonge vyekundu vya kliniki

Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito vinang'aa kama peremende. Kwa kawaida kila kimoja kina miligramu 60 za madini ya chuma. Mtoto wa kilo 10 akimeza 4 amefikia miligramu 24 kwa kilo, kiasi cha kuumwa tumbo na kutapika. Akimeza 10 amefika 60 kwa kilo, na hapo maisha yako hatarini. Ubaya wa chuma ni kwamba baada ya saa 6 za kutapika, wakati mwingine damu, mtoto hutulia na mama anashukuru. Utulivu huo unaweza kudumu mpaka siku ya pili, ndipo ini na mzunguko wa damu vinaanguka. Huyo ni wa kutibiwa kwa deferoksamini, dawa ya kunasa chuma, hospitali kubwa, na aanze safari kabla ya utulivu huo.

Parasetamoli nayo hunyamaza hivyohivyo. Aliyezidisha anaweza kuonekana mzima siku nzima huku ini likiharibika. Dawa yake, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8, basi dalili zisisubiriwe.

Jiki na dawa ya choo yenye tindikali zisichanganywe ndoo moja: hutoa gesi ya klorini. Aliyeivuta atolewe nje. Aliyekunywa magadi asipewe ndimu eti ikate makali. Joto la mchanganyiko huo linaunguza mara ya pili.

Pombe isiyojulikana ilikotoka

Gongo au chang'aa iliyochanganywa na methanoli hulewesha kama nyingine. Tofauti huja baada ya saa 12 hadi 24, mnywaji anapoamka akisema anaona ukungu, tumbo linauma na anahema kwa nguvu. Huo si uchovu wa pombe. Kenya ilizika watu wengi kwa hili Mei 2014, na wengine walibaki vipofu. Hospitali hutumia fomepizoli, au ethanoli ya kupimwa, inayoizuia methanoli isigeuzwe kuwa sumu kali zaidi, na usafishaji wa damu kwa mashine kwa walioathirika sana. Kila aliyekunywa dumu lile aitwe, hata kama anajiona mzima.

Sumu inayopikwa

Moto hauondoi sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye kuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua 68, wakafa 20. Macho ya njano, tumbo kujaa maji na miguu kuvimba kwa watu wa kaya kadhaa kwa pamoja ni jambo la kuripoti, na mahindi yenyewe yapelekwe kupimwa. Kausha juu ya turubai, si ardhini, mpaka unyevu wa asilimia 13. Usipokuwa na kipimo, weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, iache dakika chache: chumvi ikishika ukutani, mahindi bado mabichi. Yaliyooza yatupwe, kuwapa kuku ni kuyarudisha mezani.

Mihogo michungu hubeba sianidi, na penye njaa mchakato hufupishwa. Ndipo konzo huingia, ule ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla bila kurudi, uliowapata watu wa Kongo, Msumbiji na Mtwara. Unga ukishasagwa unaweza kuokolewa bado: changanya na maji mpaka uwe rojo zito, utandaze usizidi sentimita 1, uache saa 2 juani au 5 kivulini, ndipo usonge ugali. Sianidi hupaa na hewa.

Pwani, bunju, yule samaki anayejivimbisha, na baadhi ya nyama ya kasa haziponywi na chungu. Aliyekula bunju hufa ganzi midomo kwanza, kisha misuli yote hulegea, huku akisikia kila neno. Sumu hiyo haina dawa ila mgonjwa kupumulishwa mpaka iishe mwilini. Kasa wa Kisiwa Panza, Pemba, waliua watu 7 mwaka 2021 na 9 Machi 2024, wanane kati ya hao 9 wakiwa watoto. Walioshiriki chungu hicho wote waende hospitali siku hiyohiyo, na mama anayenyonyesha aende na mtoto wake, kwa sababu sumu ya kasa hupita kwenye maziwa ya mama.